Kilio Kati ya Antena Mbili

"Mukate iko tayari. Muache boulanger ndani."

Ujumbe ulikuwa huo tu. Wivine Bwalya aliusoma mara moja kwenye Samsung yake, akaufuta, akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo, kana kwamba ni shangazi yake aliyemsalimu.

Mkate ulikuwa malori. Tayari maana yake leo hii, kabla jua halijatua.

Na boulanger, huyo mwokaji wa kuachwa ndani, alikuwa Exaucée.

Wivine alitema mate. Alikuwa jasusi wa siku nyingi, amefanya kazi mipakani na migodini, amepokea amri za kijinga za kila aina. Hii ilizipita zote. Exaucée alikuwa mpelelezi mwenzake, aliyeingizwa kama mpishi ndani ya depo ya mgeni mmoja aitwaye Lorentz, hapo hapo Kasungami, mtaa wa Lubumbashi. Kila siku aliwapikia wezi wa kobalti, na kila jioni alimnong'onezea Wivine walichokisema. Leo mkuu wao wa kazi, Donat, alitaka aachwe humo.

Alimpigia. Donat alipokea upesi, na nyuma ya sauti yake ilisikika klimatizeri ikipuliza baridi. Mtu huyu alikuwa hajakanyaga tope tangu apandishwe cheo.

"Chef, nimepata ujumbe. Juu ya nini Exaucée abakie mule?"

"Tukimutosha mule ndani, Lorentz atajua. Malori haitatoka tena. Miye nataka tuyashike Sakania, kwa mupaka, pamoja na bale benye kuyangoya kule."

"Exaucée alimusikia Guelor, fundi ya Lorentz, asubui. Kuko muntu anatuuzisha, chef. Leo Lorentz atapokea picha ya mupelelezi mwenye iko ndani ya depo yake."

"Ni bongo ya Guelor. Anadanganya."

"Na kama haiko bongo?"

"Wivine. Mission mbele, bantu nyuma."

Akakata simu.

Wivine aliitazama simu kwa dharau, kama vile Donat mwenyewe alikuwa amekaa ndani yake. Kisha akainuka, akachungulia ukuta wa kushoto, akachungulia ukuta wa kulia.

Kushoto ilisimama villa ya Lorentz, yenye ghorofa na balkoni. Kulia ilikuwa depo yake, jengo refu lenye geti la chuma na walinzi wenye Kalashnikov. Katikati kilikuwa kiwanja cha Mama Agnès, nyumba ya matofali, mboga na maharagi, na chumba cha uani ambacho Wivine alikuwa amekipanga tangu mvua za kwanza. Alijifanya muuza vitenge.

Na juu ya maharagi ya Mama Agnès ilipita intaneti ya Lorentz.

Hapo ndipo Wivine alipomdharau mzungu huyo kuliko mahali pengine popote. Mtu anaiba madini kwa malori, anavaa Rolex, anakunywa maji ya chupa kutoka ng'ambo, lakini kwa mambo ya mtandao ana mkono wa birika! Alilipia abonnement moja tu ya mwezi, ya nyumbani. Ya depo hakutaka kulipa, wala hakutaka jina la depo liandikwe popote. Basi akaamua kuivusha ile ya nyumbani hadi jengo la jirani.

Kazi alimpa Guelor, kijana wa hapo hapo aliyejiita ingénieur. Guelor alitaka kwanza kupitisha waya ardhini. Aliingia kwa Mama Agnès bila hata jambo, akaanza kuchimba katikati ya maharagi. Mama akamfukuza kwa mchi. Ndipo akanunua antena mbili za Ubiquiti, akafunga moja kwenye balkoni ya villa na nyingine kwenye ukuta wa depo, kimo cha mtu aliyesimama juu ya meza, zitazamane. Alizikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli.

"Hewa haiko ya kwako, mama," alisema siku hiyo, akacheka mbele ya majirani wote.

Kila mvua iliponyesha, mtandao ulikufa. Kila mara Guelor alimwambia bosi ni kawaida. Na bosi, ambaye hakujua lolote, alikubali.

Lakini uzi huo wa hewani ndio uliobeba kila kitu. Simu za wafanyakazi zilikusanywa ndani ya ndoo getini. Lorentz hakuziamini radio za mkononi. Kamera za depo zilimletea picha akiwa amekaa kwenye kiti cha ngozi, na amri zake zilifika kwenye tablet ya walinzi. Picha ya Exaucée ikifika villa, amri ya kumuua ingevuka juu ya maharagi kabla hajageuza mwiko.

Sikioni mwa Wivine, kifaa kidogo kama punje ya hindi kilikoroma.

"Wivi."

"Sema, Exaucée."

"Bamefunga geti. Hakuna mwenye kutoka mpaka malori itoke."

"Uko wapi?"

"Jikoni. Niko napika, nafanya nini tena?" Sauti ilijaribu kucheka. "Wivi, usiniache humu."

"Sikuache."

Aliahidi kabla hajajua atafanya nini. Kukata antena hakuwezekani, kwani moja ilikuwa mbele ya mlinzi na nyingine juu ya kichwa cha Lorentz. Kuivunja kwa risasi kungewaamsha wote. Na hata mtandao ukifa, geti lingebaki limefungwa.

Alihitaji kitu cha kuziba anga na kufungua geti kwa wakati mmoja. Alihitaji kitu ambacho hakuna mtu wa Lubumbashi angethubutu kukizuia.

Akaenda jikoni.

Mama Agnès alikuwa anapepea mbabula, jiko lake la makaa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, baba yake alikuwa mtu wa reli, na babu yake alichimba shaba mpaka mapafu yakagoma.

"Mama, unajua Exaucée, mupishi wa depo?"

"Ule anaombaka chumvi juu ya ukuta? Namujua. Mutoto ya heshima."

"Leo batamuua."

Pepeo lilisimama. "Bale bantu ya Guelor?"

"Bale bale. Mama, miye siko muuzisha wa bitenge. Niko mupelelezi, na yeye vilevile. Sasa niko naomba tufanye kilio hapa kwako, matanga. Kilio mukubwa, na mabati, na bantu bengi."

"Kilio ya nani?"

Hilo Wivine hakuwa amelifikiria.

"Binti," Mama Agnès alisema polepole, "kulilia muntu muzima haiko muzuri. Unaita kifo kwa nyumba."

"Najua, mama."

Upande wa depo, injini ya lori iliwaka, ikazimwa. Mama Agnès alifuta mikono kwenye kitenge chake, na uso wake ukabadilika.

"Papa Nono," alisema.

"Nani?"

"Bwana yangu. Alienda Ndola kutafuta kazi, akaoa kule, akazaa kule. Hata salamu hakutuma. Kwangu miye alikufa zamani, lakini nilikatazwa kumulilia. Bantu balisema, utalilia namna gani muntu mwenye anakula bukari kwa bibi mwingine?" Alifungua kilemba chake, akakitupa kitini. "Leo namulilia. Telefone inatoka Ndola, inasema alikufa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mama Agnès alitoka hadi katikati ya uwanja, akajifunga kitenge kiunoni, akafungua kinywa.

"Nono eee! Nono, unaniacha na nani? Nono, ulisema utarudi!"

Wivine alikuwa amesikia milio ya risasi na ya mabomu. Hakuna uliowahi kumpitia mgongoni kama huu. Machozi yalikuwa ya kweli, na yalikuwa yamengoja muda mrefu mno.

Majirani hawakuuliza maswali. Wanawake walimiminika na mikeka na masufuria. Vijana walikata matawi, wakayalaza barabarani upande huu na upande ule, kila dereva ajue kwamba hapa pana msiba. Viti vya plastiki vilifika juu ya vichwa. Mbingu ilikuwa nyeusi, basi mtu akakumbuka mabati na nguzo za hangar, banda la mikutano la parokia.

"Yaletwe," Wivine alisema. "Mvua iko nakuya."

Alisimama kando na kopo lake la poda. Ukilifungua unaona kioo. Ukikibonyeza kioo unaona nguvu ya mawimbi kati ya antena mbili. Mistari ilikuwa imejaa.

"Nguzo ile, muiweke huku," aliwaelekeza vijana.

"Huku kwenye maharagi, dada?"

"Mama alisema. Muinue kabisa."

Bati la kwanza likapanda. Mistari ikapungua. La pili likapanda, ikapungua tena. Vijana walivuta mabati mengine, wakayasimamisha ubavuni kama ukuta, maana Wivine aliwaambia mvua ya upepo itawanyeshea akina mama.

Kioo kikabaki kitupu.

Wivine akafunga kopo, akajipaka poda kidogo puani.

Kule villa, picha ilikuwa imefika.

Lorentz aliitazama kwenye skrini, akatabasamu. Mpishi! Yule mwanamke aliyempikia samaki kila Ijumaa. Akaandika amri kwa walinzi, maneno machache, akabonyeza.

Kiduara kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka.

"Guelor!"

Guelor alikuja mbio, waya mbili zikining'inia shingoni. Waya hizo hazikuwa na kazi yoyote. Alizivaa ili aonekane fundi.

"Ni mvua, patron."

Lorentz alitazama dirishani. Ardhi ilikuwa kavu. Kiswahili chake alikijifunza kwenye vitabu kwao, na alikitumia kwa kuamuru tu.

"Mvua iko wapi?"

Guelor alifuta jasho. "Iko njiani, patron."

"Kelele hii ni nini?"

"Kilio. Kwa ule mama wa katikati."

"Waambie wanyamaze."

Hata Guelor, pamoja na upumbavu wake wote, alishtuka. "Patron, kilio haiambiwake inyamaze."

Lorentz alimtazama namna mtu anavyotazama kiatu kilichokanyaga kinyesi. Yeye mwenyewe hakuwahi kutembea katika barabara hiyo. Alitoka akiwa ndani ya Land Cruiser, vioo vimepandishwa, akarudi akiwa ndani ya Land Cruiser. Hakujua jina la jirani hata mmoja.

"Nenda kwa miguu. Waambie walinzi: mpishi. Wammalize sasa. Kimbia!"

Guelor akakimbia.

Alikimbia mpaka kona ya ukuta wa Mama Agnès, miguu ikapunguza mwendo yenyewe. Mbele yake kulikuwa na matawi barabarani, viti, na wanaume wa mtaa mzima wameketi nje. Njia ya kwenda depo ilipita katikati yao.

Na Guelor aligombana na nyumba hii. Mtaa wote ulimsikia siku ile ya hewa. Hapa kwetu, kwenye kilio, swali la kwanza ambalo vijana hujiuliza ni nani alikuwa na ugomvi na wenye nyumba. La pili, nani amepita mbio bila kuingia. Ukijibu maswali yote mawili kwa jina moja, jina hilo linaitwa mulozi, yaani mchawi, na nyumba ya mulozi huchomwa kabla ya maziko.

Akainamisha kichwa, akajaribu kupita ukutani.

"Guelor!" kijana mmoja aliita. "Hauone kilio?"

"Naona. Pole sana. Niko na mbio kidogo."

"Mbio ya wapi?"

Viti viligeuka. Guelor alitazama geti la depo, akatazama viti. Amri ya kuua ilikuwa mdomoni mwake, na mdomo ulikuwa umekauka.

Akaingia.

Mama Agnès alimwona, akamjia, akamwangukia kifuani na uzito wake wote. Alimshika shati kwa mikono miwili.

"Guelor! Mwanangu! Hata weye umekuya kulia na miye!" Kisha akamnong'oneza sikioni: "Lia. Lia muzuri, bantu banakuangalia."

Ingénieur akalia. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, na waya zake mbili zikitikisika shingoni. Wakampa kiti. Wakampa chai. Aliyekuwa na haraka ya kutoa roho ya mtu sasa alikaa amepakata kikombe, magoti yamebanana, na Wivine, akipita na sinia, hakuweza hata kumchukia sawasawa. Hakustahili taabu hiyo.

Alijipinda nyuma ya mabati.

"Exaucée."

"Niko hapa."

"Kilio iko kwa Mama Agnès. Beba sufuria, ukuye kupika."

"Na balinzi?"

"Ni bantu ya hapa. Beko na ba mama yabo. Toka tu, usikimbie."

Exaucée alichukua sufuria kubwa kuliko zote, akaiweka kichwani, akavuka uwanja wa depo. Aliishikilia sufuria kwa mikono yote miwili. Mlinzi wa geti alikuwa anagonga tablet yake iliyoganda. Alikuwa ameshaacha kuishangaa. Ilikufa kila wiki.

"Unaenda wapi?"

"Kilio. Hausikie? Sufuria yetu njo mukubwa kupita zote."

"Patron alisema hakuna kutoka."

"Patron alikataza bantu kwenda kulia?"

Mlinzi alitazama kamera juu ya geti. Alitazama tablet. Ng'ambo ya ukuta Mama Agnès aliita jina la mumewe kwa sauti ya kupasua moyo, na mlinzi akaona haya. Alikuwa amesimama hapo na bunduki wakati jirani amefiwa.

Akavuta komeo. "Umupatie mama pole yangu. Mwambie nitafika."

Exaucée akatoka.

Alipita kati ya matawi. Alipita mbele ya viti vya wanaume. Alipita mbele ya Guelor kabisa, na Guelor akamwona.

Akainuka. Kinywa kikafunguka.

Mkono wa Mama Agnès ukamshika bega.

"Unaenda wapi, Guelor? Unaogopa nini kwa kilio ya bwana yangu?"

Mtaa mzima ulimtazama. Kijana mmoja aliweka chini kikombe chake, akasimama.

Guelor akaketi. Akanywa chai yake yote, ingawa ilimuunguza.

Ndani ya nyumba, katikati ya wanawake waliokaa mikekani, Wivine alimtua Exaucée sufuria, akamkumbatia kwa nguvu.

"Unatetemeka."

"Sufuria ni nzito," Exaucée alisema, kisha akaanza kulia, na hakuna aliyemshangaa, maana kila mtu humo alikuwa analia.

Wivine hakuwa na wakati wa kulia. Geti la depo lilikuwa linafunguka lote.

Malori yalitoka, yote ya Howo, yamejaa magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia. Karatasi zilisema makala ya kupeleka Sakania. Wivine alikuwa amezisoma karatasi hizo wiki nzima akicheka peke yake. Kupeleka makala Sakania! Mji ambao msitu unaanzia mlangoni, ambako kila mwanamke anachoma makala yake nyuma ya nyumba! Hakuna mtoto wa Katanga angetunga uongo mbovu namna hiyo. Lorentz aliutunga kwenye kiti cha ngozi, na Guelor akamsifu.

Dereva wa lori la mbele alifika kwenye matawi, akazima injini. Alishuka, akavua kofia. Nyuma yake madereva wengine wakafanya vilevile. Walikuwa vibarua wa kukodiwa asubuhi hiyo, hawakujua walichobeba.

"Pole, ba papa," alisema dereva. "Nani alikufa?"

"Bwana ya Mama Agnès."

Alitazama mbabula zilizokuwa zinafifia na wingu lililokuwa linashuka. Aliona haya kupita mikono mitupu.

"Mushushe gunia moja ya makala," aliwaambia vijana. "Ba mama bapike."

Vijana wawili wakapanda. Wakashika gunia. Gunia halikusogea.

"Makala ya namna gani hii?"

Wakaja wengine, wakalisukuma, likaanguka barabarani kwa kishindo, likapasuka. Juu kulikuwa na makala ya kweli. Chini yake yalimwagika mawe meusi, madogo, mazito.

Mama mmoja, asiyejali, alizoa kwa beleshi, akatia kwenye mbabula. Akapepea. Akapepea tena.

"Haishike moto."

Mama Agnès aliacha kulia kidogo. Alikuja, akaokota jiwe moja, akalipima kiganjani.

"Hii haiko makala," alisema. "Hii ni mabwe ya mine, ya mugodi. Kobalti."

Hapakuwa na ubishi. Mtaa mzima huo ni wajukuu wa wachimbaji na watu wa reli. Mtoto wa pale anajua uzito wa kobalti kabla hajajua kuhesabu, na ndio hao Lorentz aliotegemea kuwadanganya.

Wivine alishajibanza ukutani, simu sikioni. Hakumpigia Donat. Alimpigia Chance, kamanda wa kikosi cha upelelezi aliyekuwa amejificha na watu wake kwenye njia ya kutokea mjini.

"Chance, kuya Kasungami. Sasa."

"Donat alisema tuyafuate mpaka Sakania."

"Mali iko barabarani, mbele ya macho ya bantu. Kuya."

"Niko nakuya."

Ndipo Lorentz alipotokea.

Kwa miguu! Viatu vyeupe, tablet mkono mmoja, Beretta mkono mwingine, uso mwekundu kwa hasira. Alikuwa amechoka kungoja kiduara. Aliona malori yamesimama, gunia limepasuka, madereva wameshika kofia zao.

"Ondoeni takataka hii! Pitisheni gari!"

Akayapiga teke matawi ya kilio.

Kelele zote zilikatika. Hata watoto walinyamaza. Lorentz hakuelewa ukimya huo, alidhani wamemwogopa. Akawainulia tablet walinzi waliokuwa wamekuja mpaka getini.

"Huyu! Mpishi! Mkamateni huyu!"

Hakuna mlinzi aliyejongea. Walikuwa wanatazama matawi chini ya viatu vyake.

Wivine alikuwa anatazama tablet.

Picha ilimwonyesha Exaucée uani mwa depo, amebeba ndoo, anacheka. Wivine aliijua picha hiyo. Aliipiga yeye mwenyewe kutoka dirisha lake, akaituma kwa mtu mmoja tu duniani.

Kwa Donat.

Baadaye, alijiambia. Kwanza huyu wa viatu vyeupe.

Alitoka katikati ya wanawake na mwiko wa kusongea bukari, ugali wa hapo, mkononi, mrefu kama jembe. Lorentz alimwona muuza vitenge akija, hakumjali. Mwiko ukamshukia kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Beretta ilianguka vumbini, Wivine akaikanyaga, mwiko ukarudi mara ya pili, safari hii tumboni. Lorentz akapiga magoti juu ya matawi yale yale.

Vijana waliinuka wote. Mmoja alikuwa na jiwe la kobalti.

"Hapana!" Wivine alipaza sauti, Glock yake sasa mkononi. "Huyu ni wa sheria. Hapana kumugusa."

"Alipiga kilio teke!"

"Nimeona. Ataishi muda murefu akikumbuka."

Walinzi waliweka bunduki zao chini, mmoja mmoja. Guelor alikuwa bado kitini. Aliinua mikono juu bila kuambiwa, kikombe kikiwa kimening'inia kidoleni.

Magari ya Chance yalifika na vumbi lake, yakasimama mbali na matawi. Pingu zikafungwa. Magunia yakaanza kushushwa.

Wivine alijitenga, akapiga simu.

"Chef. Niko Kasungami. Kuko kilio hapa."

Klimatizeri ilisikika kwanza.

"Exaucée?" Donat aliuliza. Akavuta pumzi, ya huzuni ya kujitengenezea. "Maskini. Nilijua kazi hii ni hatari. Na malori?"

"Malori yalitoka, chef."

"Muzuri. Ni muzuri. Miye nakuya kusalimia famille."

"Ukuye. Banakungoya."

Kisha Wivine alizungumza maneno machache na Chance, na Chance akayaficha magari yake na malori nyuma ya depo.

Donat alikuja na Prado nyeusi. Alivaa suti nyeusi, miwani myeusi, na mkononi alishika leso nyeupe iliyokunjwa vizuri. Aliliacha gari mbali kwa heshima, akayazunguka matawi, akaingia chini ya mabati akiwa ameinamisha kichwa.

"Ba papa, ba mama, poleni. Poleni sana. Alikuwa mutoto muzuri. Nilimupenda kama binti yangu."

Watu walitazamana. Mtoto gani? Lakini mgeni wa msiba hasahihishwi. Wakampa kiti cha mbele. Donat akaketi, akavua miwani, akajipangusa macho makavu.

Mwanamke mmoja alitoka ndani na sinia. Alipiga goti kidogo mbele yake, kama mila inavyotaka, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili.

"Karibu, chef," Exaucée alisema. "Kunywa. Iko ya moto."

Donat alipokea kikombe kabla macho yake hayajamwona aliyekileta. Yalipomwona, mkono ulibaki hewani. Chai ilimwagika kwenye suti, polepole, na hakuisikia.

Alimtafuta Wivine kwa macho. Alimkuta amesimama kando ya nguzo, tablet ya Lorentz imewashwa mkononi, picha inamtazama. Nyuma yake alikuwa Chance na watu wake.

Mama Agnès peke yake aliendelea kumlilia mumewe, kwa sauti ya chini sasa, kwa ajili yake mwenyewe, na wanawake walikuwa wamemzunguka wakimshika mabega.

Matone ya kwanza yaligonga mabati.

Wivine alimpa Chance tablet, akavua sandali zake zisiloe, akazishika mkononi.

"Nimufunge sasa?" Chance aliuliza.

"Ungoye amalize chai. Ni kilio."

Kazi yake hapo ilikuwa imekwisha. Akatoka barabarani, akapita matawi, akainua mkono, na teksi ya kwanza ikasimama.